Pikapu za zamani kwa kazi za Tanga: ipi haibugii mafuta

Anayebeba machungwa kutoka Muheza au samaki kutoka Deep Sea anajua mafuta ndiyo yanayomla faida. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hubadilika kila mwezi, ila ulaji wa gari ukishaununua unakaa nao. Mpangilio ulio hapa ni wa magari mazima. Isuzu yenye nozeli (ncha zinazonyunyiza dizeli kwenye injini) zilizochoka itashindwa na Hilux yoyote iliyotunzwa.

1. Isuzu KB au TFR, injini 4JA1 (cc 2,499). Ndiyo chaguo letu la kwanza, hasa yenye kabini moja isiyo 4x4. Dizeli yake hupigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Hilux na Nissan za rika lake huipitisha kwanza kwenye chemba ndogo ndani ya silinda hedi, na joto jingi hupotelea kwenye kuta za chemba hiyo. Ikiwa nzima, na mzigo wa wastani, tarajia kilomita 11 hadi 13 kwa lita. Ina kelele, na spea zake hazijazagaa kama za Toyota.

2. Toyota Hilux, injini 3L (cc 2,779) au 5L (cc 2,986). Kilomita 9 hadi 11 kwa lita. Hapa spea ndizo zinazobeba alama: kila fundi wa Ngamiani anaijua. Usivutwe na 2L ya cc 2,446 eti kwa sababu ni ndogo. Ukiipakia tani moja utaikanyaga mpaka chini safari nzima, na injini iliyokanyagwa hivyo haiweki akiba yoyote. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji asipokuwa na jibu, hesabu kwamba unaubadilisha wewe.

3. Hilux Vigo 2.5, injini 2KD. Kwa ulaji peke yake inaweza kuipita Isuzu, na ina nguvu zaidi. Tumeishusha kwa sababu ya injekta, yaani vinyunyizio vyake vya dizeli. Mfumo wake unafanya kazi kwa presha inayozidi bar 1,000, kwa hiyo maji kidogo au uchafu kwenye dizeli huziua, na ziko nne. Kama mafuta yako mengine ni ya kidumu njiani, achana nayo.

4. Nissan yenye TD27 (cc 2,663). Ngumu, na taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika. Ulaji unakaribiana na Hilux 3L.

5. Hilux ya petroli, 1RZ (cc 1,998). Bei ya kununulia hushawishi. Kabureta iliyochezewa inaishusha hadi kilomita 7 au 8 kwa lita. Ifae anayezunguka mjini tu, na huyo naye kama mzigo wake ni magunia manne angetazama Kirikuu, ile pikapu ndogo.

Kuhusu 4x4: ni uzito zaidi, na kama hupandi Amani wakati wa masika, ya nini? Ukiikuta yenye hab (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufungia kwa mkono, hakikisha zimefunguliwa ukiwa lami.

Kabla ya kulipa, fika asubuhi injini ikiwa baridi. Moshi mweusi unaoendelea ukiikanyaga ni nozeli, filta ya hewa iliyoziba, au pampu ya dizeli ya injini iliyofunguliwa kupita kiasi. Mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni taimingi ya pampu au kompresheni ndogo. Wa bluu ni oili. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, kigeuze na ukilaze juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo si neno. Kikirushwa, ringi za pistoni zimekwisha, na hapo hakuna filta itakayokuokoa.

Pima ulaji wenyewe. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, nenda Segera na urudi, kisha jaza tena kwenye pampu ileile ya kituo. Ni karibu kilomita 150. Gawa kwa lita zilizoingia. Zikiingia 14, umepata 10.7. Pima umbali kwa simu, usiamini dashibodi, maana tairi kubwa kuliko za kiwandani hufanya mita isome pungufu.

Ukirudi, gusa rimu zote nne kwa tahadhari. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki inashika. Kwa magari ya samaki hili ni la kawaida: maji ya chumvi yanadondoka toka kwenye bodi, pini za breki zinaganda kwa kutu, na gari linakokota breki huku likinywa dizeli. Gongagonga chesisi kwa nyundo ndogo hapohapo. Mlio wa bati laini maana yake tafuta gari jingine.

Ukishalinunua, anza na thermostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huing'oa wakidhani joto la pwani linadai hivyo. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo injini hukaa baridi, dizeli haiungui vizuri na silinda zinalika. Irudishe, na kama gari likichemka, tatizo ni rejeta.

Nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia, zote nne pamoja. Inayotoa matone badala ya ukungu ibadilishwe ncha, na washa za shaba chini yake ziwe mpya. Fundi akikuambia atapunguza pampu kwa bisibisi ili isile, mkatalie mpaka nozeli zipimwe: moshi utapungua, nguvu nayo itapungua, na utaishia kupanda milima kwa gia ya pili.

Upepo wa tairi ufuate kibandiko cha mlangoni, ujazwe tairi zikiwa baridi. Za nyuma zina kipimo cha mzigo na kipimo cha gari tupu.

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, acha dukani. Hela hiyo nunua filta ya dizeli, na kila wiki legeza koki ya chini yake mpaka maji yaishe na itoke dizeli tupu.