GeoGebra kwa simu: vile nilishika limiti na mwendelezo

Niko mwaka wa kwanza hapa Nairobi na semista iliyopita kalkulasi ilinitesa vibaya. Lekchara anaandika ile maana ya limiti yenye epsiloni na delta, ubao unajaa, anafuta, anaendelea, sisi tunanakili tu. Nilikuwa nimeanza kutafuta mtu wa tuisheni ndio rafiki yangu wa hosteli akaniambia weka GeoGebra kwanza, ni bure, na ikishaingia kwa simu unachora grafu hata bila bando.

Nilianza na f(x) = (x² − 4)/(x − 2). Ukiweka 2 unapata sifuri juu ya sifuri, kwa hivyo mimi kila siku nilikuwa naandika haina limiti na nakosa. Sasa nikaandika f(1.9) ikaleta 3.9, f(1.99) ikaleta 3.99, nikaingilia upande ule mwingine f(2.01) ikaleta 4.01, halafu f(2) yenyewe ikaleta alama ya kuuliza. Aki hapo ndio niliona: limiti inataka kujua unaelekea wapi, pale 2 penyewe hata kukiwa hakuna kitu ni sawa, jibu ni 4.

Mwendelezo nao, yaani grafu kwenda bila kukatika, niliushika na M-Pesa. Kumtumia mtu 1,000 unakatwa 13, ukiongeza shilingi moja unakatwa 23. Nikaichora. Ukija kutoka chini uko 13, kutoka juu uko 23, pande mbili hazikubaliani, limiti hapo hakuna na grafu imekatika. Ile ya kwanza ni shimo tu, ukijaza 4 inakuwa nzima, lakini hii ya M-Pesa ujaze nini haizibiki.

Lakini kilichonifanya niandike ni slaida, kile kitufe unavuta na kidole namba inabadilika. Nilichora mistari miwili ya kulala, 4 + e na 4 − e, na miwili ya kusimama, 2 + d na 2 − d (e ni ile epsiloni, d ni delta), halafu nikaanza kupunguza e na kidole, 0.5, 0.1, 0.05, na kila mara natafuta d itakayofanya grafu yote iliyo kati ya mistari ya kusimama ikae ndani ya ile ya kulala. Hapa d ikiwa sawa na e inatosha kila mara, kwa sababu ukitoa nukta moja hiyo fanksheni ni x + 2 tu. Kumbe ile sentensi ndefu ya ubaoni inasema hivyo: nipe e yoyote, hata iwe ndogo aje, mimi nitakupatia d. Nilikuwa kwa matatu Thika Road, jam imeshika, nikairudia mpaka Roysambu. Na Newton na Leibniz waliunda kalkulasi miaka ya 1600 bila hiyo maana, ilinyooshwa miaka ya 1800 na kina Cauchy na Weierstrass, kwa hivyo ukiona ni ngumu usijilaumu.

Shida iko. Lile shimo pale 2 halionekani, inachora mstari mzima, so ukiamini macho peke yake utapotea, lazima uulize f(2). Na kwa skrini ndogo slaida inaruka ukigusa vibaya.

Nyota 4. Halafu jameni, angalieni kalkuleta: yangu ilikuwa kwa digrii badala ya radiani siku ya CAT (ule mtihani mdogo wa katikati ya semista), sin(0.1) gawa kwa 0.1 ikanipa 0.01745 na mimi nikaandika hivyo, na grafu ya sin x juu ya x inaelekea 1 waziwazi ukikaribia sifuri.