Uzamili wa Moduli Moja Moja: Tathmini ya Muuguzi wa Zamu

Nimekamilisha mwaka wa tatu wa masomo ya uzamili ya afya na ustawi wa jamii katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa England, nikiwa wakati wote huo muuguzi wa kudumu katika wodi ya wazee. Wauguzi na wahudumu wengi wa huku wanaozungumza Kiswahili huniuliza kama masomo ya aina hii yanamfaa mtu mwenye kazi, ndiyo maana nimeona niandike tathmini kamili. Jina la chuo siliweki, kwa sababu ninalo lalamiko juu yake nitakaloeleza, na kwa sababu muundo wake utaukuta pia katika vyuo vingine vya nchi hii.

Shahada ya uzamili ya Uingereza ina krediti 180, na kila krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kusoma. Kwa hesabu hiyo, moduli (yaani somo moja linalojitegemea) ya krediti 20 ni saa 200, ukijumlisha mihadhara, usomaji na uandishi wa insha. Ukifikisha krediti 60 unastahili cheti cha uzamili, ukifikisha 120 unastahili stashahada ya uzamili, na 60 za mwisho, ambazo mara nyingi hubeba tasnifu, ndizo zinazokamilisha shahada. Chuoni kwetu unaweza kuchukua moduli moja kwa muhula, ukasimama muhula unaofuata kwa sababu ya uzazi au msiba nyumbani, kisha ukaendelea ulipoishia, mradi usivuke ukomo wa miaka uliowekwa. Sehemu hii naisifu bila kusita, kwa kuwa ulichokwisha kufaulu kinabaki kuwa chako hata ukiamua kutofika mwisho.

Zile saa 200, hata hivyo, hazipungui kwa kuwa unasoma nyumbani. Tangazo la chuo lilituambia tutasoma wakati wowote tutakaoupenda, nami nikaamini kwamba wakati huo ungepatikana baada ya zamu za usiku. Nilikuwa nikitoka kazini saa moja na nusu asubuhi, nafungua mhadhara uliorekodiwa juu ya meza ya jikoni nikiwa bado na sare, na asubuhi moja nikakuta kwenye daftari nimeandika sentensi ileile mara tatu bila kujua. Wiki ya sita nilimwendea msimamizi wa wodi nikamwomba siku moja ya kusoma kila baada ya wiki mbili, iandikwe kwenye ratiba ya zamu kama inavyoandikwa likizo, naye akaridhia kwa maandishi. Bila siku ile ningeshindwa moduli ya kwanza, na ndiyo sababu namshauri kila anayeniuliza apate ahadi ya namna hiyo kutoka kwa mwajiri kabla ya kulipa chochote.

Insha yangu ya kwanza ilipata alama 52, na alama ya kupita ni 50. Mwalimu aliandika pembeni kwamba nilikuwa nimesimulia vizuri lakini sikuhoji. Nilihuzunika, kwa sababu miaka yote kazini nilikuwa nimefundishwa kuandika kumbukumbu sahihi za kilichotokea, na sasa nilitakiwa kuuliza kwa nini kilitokea na ni ushahidi gani unaonitosheleza kusema hivyo. Insha ya pili niliandika kuhusu wazee kuanguka usiku wodini kwetu. Nilipozunguka vitanda nikiwa na swali hilo kichwani, nilimkuta mgonjwa mmoja wa kiharusi, aliyepooza upande wa kushoto, ambaye waya wa kengele yake ulikuwa umefungwa kwenye reli ya kushoto ya kitanda. Nilikuwa nimempita mara nyingi. Tuliuhamishia kulia usiku uleule, na tangu hapo upande wa kengele hutajwa katika makabidhiano ya zamu. Mafunzo mafupi ya kazini hayakuwahi kunifanya nisimame mbele ya kitanda kwa namna hiyo.

Jambo jingine lenye thamani kubwa ni kuchanganywa na watu wa ustawi wa jamii. Katika moduli ya kuwaruhusu wagonjwa kurudi nyumbani, nilieleza mpango wangu wa dawa, kidonda na fizio (mazoezi ya viungo) kwa bibi mmoja anayeruhusiwa, nikadhani umekamilika. Mwenzetu anayefanya kazi katika halmashauri akaniuliza ni nani atakayemfungulia mhudumu mlango, kwa kuwa bibi yule anaishi peke yake na hawezi kufika mlangoni. Ndipo nilipoelewa kisanduku cha funguo kilichobanwa ukutani nje ya nyumba nyingi za wazee kina kazi gani. Ndipo pia nilipoelewa kwa nini familia hushtuka siku ya kuondoka: huduma ya hospitali hailipiwi, lakini huduma ya kijamii nchini England hutolewa kwa kupima mali, na mwenye zaidi ya pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia mwenyewe.

Sasa lalamiko langu. Moduli mbili zilikuwa na siku za lazima za kuhudhuria darasani, na tarehe zake zilitangazwa wakati ratiba zetu za zamu zilikwisha kutoka. Nilibadilishana zamu na wenzangu wanne ili nipate siku tatu, na mwenzetu mmoja wa nyumba ya kutunzia wazee, ambaye hakuwa na wa kubadilishana naye, aliiacha moduli na hakurudishiwa ada yote. Chuo kinachojitangaza kwa wafanyakazi wa zamu hakina udhuru katika hili, nami nimeliandika hivyo kwenye fomu ya maoni kila mwaka.

Kuhusu fedha, mwajiri alilipa moduli mbili na nyingine nililipa kwa awamu. Mkopo wa serikali wa uzamili nchini England hutolewa kwa aliyejiandikisha shahada nzima, hautolewi kwa cheti au stashahada peke yake, na wenye viza ya kazi kwa kawaida hawaustahili. Saa za masomo, kwa upande mwingine, zilinisaidia kuhuisha usajili wangu wa uuguzi, kwani Baraza la Uuguzi na Ukunga hudai saa 35 za kujiendeleza kila miaka 3, na 20 kati yake ziwe za kushiriki pamoja na wengine.

Kwa muuguzi au mhudumu mwenye msimamizi anayemuunga mkono, masomo haya nayapendekeza kwa moyo wote. Asiye naye aanze na moduli moja tu aone. Mimi nimejiandikisha kwa krediti 60 za mwisho. Tasnifu inaanza Januari, na siku zangu za kusoma zimekwisha kuandikwa kwenye ratiba hadi Machi.