Milliput kwenye kifaru changu: fila safi, ila usiikande mchana wa kaskazi

Naunga vifaru vidogo vya plastiki hapa Tudor, Mombasa, juu ya meza ya cherehani ya mamangu. Mara hii ilikuwa Tiger I, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, ya matoleo ya mwisho, ya kampuni ya Tamiya, kipimo cha 1/35, na kwenye boksi inakuja na ubavu laini kama sahani. Kifaru hicho bila zimmerit ki uchi.

Zimmerit ni lile pakazo la mistari ambalo Wajerumani walivipaka vifaru vyao kuanzia 1943 mpaka Septemba 1944, ili mabomu ya sumaku yasinase kwenye chuma. Ndani yake mlikuwa na unga wa mbao, eti! Na kichekesho ni kwamba waliokuwa na mabomu hayo hasa ni wao wenyewe. Baadaye ukazuka uvumi kuwa pakazo linashika moto, wakaacha kulipaka, na hata majaribio yalipoonyesha si kweli hawakulirudia.

Nilijaribu kwanza fila ya magari kutoka duka la rangi. Msijisumbue. Inaganda kwa dakika chache, na harufu yake ilinitoa nje. Nikaagiza Milliput ya kawaida, ile ya manjano na kijivu, gramu 113.4, usafiri ukanila kuliko bidhaa yenyewe.

Ni vijiti viwili. Unakata vipande sawasawa, unakanda mpaka michirizi iishe na rangi iwe moja. Vaa glavu, inawasha ngozi. Maelezo yake yanasema inakuwa ngumu kwa muda wa saa tatu nne hivi, na joto huiharakisha. Hilo la joto nililisoma nikalipuuza, nami naishi Mombasa! Nikakanda donge zima baada ya chakula cha mchana, Februari, nikapaka mbele, mbavu zote mbili na mnara kwa mpigo mmoja. Nilipofika kwenye mnara, ubavu wa kushoto ulishakaza. Bisibisi ya kuchorea haikuacha mstari, ilimegua tu. Jioni mbili nilikuwa nikibandua kwa wembe. Kosa ni langu, si la fila.

Mara ya pili nikangoja baada ya isha. Kipande kimoja kiasi cha mbaazi, upande mmoja tu wa kifaru. Nyunyiza poda ya mtoto kwenye karatasi ya nailoni, usukume kwa chupa ya marashi mpaka fila iwe nyembamba kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: hata ukikisia pakazo halisi lilikuwa na unene wa sentimita nzima, kwenye 1/35 hiyo haifiki milimita 0.3. Ukiiacha nene, kifaru kinaonekana kimevaa godoro. Bandika, lainisha kwa kidole chenye maji, kisha chukua bisibisi ndogo ya miwani, ichovye maji, gandamiza mistari ya kulala, mmoja mmoja, ukianzia juu kwenda chini. Usipoichovya, inanata na kuondoka na kazi yako. Pembeni nikamegua vipande viwili vitatu kabla haijakaza, maana vifaru vya kweli vilibanduka vikigongwa. Magurudumu na minyororo usiguse, hayakupakwa.

Fila iliyobaki niliifunga kwenye nailoni nikaitia frijini, baridi huichelewesha. Asubuhi mamangu akaitoa.

"Unga gani huu, mbona wanuka dawa?"

"Si unga mama, ni ngozi ya kifaru."

Hakusema kitu. Akahamisha samaki wake rafu ya juu.

Ikishakauka inakubali msasa na rangi bila tabu, na wiki tano sasa haijapasuka wala kubanduka, pamoja na unyevu wetu huu. Stika za zimmerit nilizowahi kununua, kampuni siitaji, zilijikunja kwenye kona kabla mwezi haujaisha. Kijiti kikikaa sana hufanya ukoko juu. Ukate, utumie cha ndani.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu hapa mjini sijaipata dukani hata moja, Biashara Street nzima.

Nusu pakiti imebaki. Nina StuG III, gari jingine la kivita la Wajerumani, ambayo mistari yake si ya kulala bali ni miraba miraba, kazi mara mbili. Hiyo inangoja kusi ianze.