Vidonge vya uyoga wa reishi kwa mkanda wa jeshi: nyota mbili kati ya tano

Chupa ina kapsuli 60, kila moja miligramu 400 za unga wa reishi, ule uyoga mgumu mwekundu ambao Wachina huuita lingzhi na wameutumia kama dawa kwa karne nyingi. Niliinunua shilingi 2,400 kwenye kiduka cha ghorofani karibu na Barabara ya Tom Mboya. Ni ya dada yangu mkubwa. Malengelenge ya mkanda wa jeshi yalishakauka kitambo, lakini ubavu bado unamwaka moto, hata kanga ikimgusa anashtuka.

Kijana wa dukani alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Mama, hii inamaliza virusi vya kila aina. Mkanda wa jeshi, homa ya ini, hata Ukimwi."

Nilifungua kapsuli moja nikaonja. Unga ni wa kahawia, mwepesi, mchungu kama mwarobaini. Reishi ina uchungu kweli, kwa hiyo sidhani niliuziwa unga wa mahindi. Chupa imefungwa vizuri na tarehe ya mwisho inasomeka. Namba ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu nimeitafuta kila upande, sikuiona.

Sasa hayo madai. Habari ya Ukimwi ina chanzo: mwaka 1998 watafiti walitenga kemikali kutoka kwenye uyoga huu, zikazuia virusi vya HIV maabara. Ndani ya vyombo vya maabara, si ndani ya mtu. Kumwambia anayetumia ARV kwamba kapsuli hizi zinatosha ni kumhatarisha, na hilo lilinikera kuliko bei.

Kuhusu mkanda wa jeshi, mwaka huohuo iliandikwa ripoti ya wagonjwa wanne waliopata nafuu kubwa ya maumivu. Wanne tu, bila kundi la kulinganisha nao. Halafu angalia kipimo: walikunywa maji ya uyoga uliochemshwa, gramu 36 hadi 72 za uyoga mkavu kwa siku. Piga hesabu ya chupa yangu: kapsuli 60 mara miligramu 400 ni gramu 24. Chupa nzima haifikii kipimo cha siku moja cha wale wagonjwa, na lebo inasema umeze kapsuli nne kwa siku! Hata ukiiamini ile ripoti, hiki kinachouzwa si kile walichokunywa.

Dada amemaliza chupa. Maumivu yako palepale, na tumbo lilimsumbua.

Wenye homa ya ini nawasihi wawe waangalifu zaidi. Madaktari wa Hong Kong na Thailand wameripoti watu walioumia ini baada ya kutumia unga wa reishi. Nilipomuuliza kijana kuhusu wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, alinijibu kwamba ni mimea tu, haina shida. Reishi inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, na muuzaji anapaswa kulijua hilo.

Nyota mbili ni za ufungaji na ukarimu. Ombi langu kwa duka ni lile bango la "tiba ya virusi vyote" juu ya kaunta liondolewe leo. Anayefika pale na malengelenge yaliyotoka jana bado yuko ndani ya zile saa 72 za kwanza ambazo asikloviri, dawa ya hospitali ya kupambana na virusi vya mkanda wa jeshi, hufanya kazi vizuri zaidi.