TAHADHARI: Anayeuza "karatasi halisi" za IELTS ni tapeli

Wauguzi wenzangu na wote mnaojiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kwenda kufanya kazi Uingereza, someni hapa kabla hamjatuma hata shilingi.

Kuna jamaa kwenye Telegram anauza karatasi anazodai ni za mtihani ujao, pamoja na majibu. Nilimtumia 8,500 kwa M-Pesa wiki tatu kabla ya tarehe yangu. Hofu ndiyo iliyonisukuma. Mnakumbuka mwaka 2022, Mutahi Kagwe akiwa Waziri wa Afya wa Kenya, aliposema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, waliopita ni 10 tu. Nafanya zamu za usiku na nina mtoto mchanga. Mtu akikwambia "dada, usijisumbue, maswali ndiyo haya," unahisi umetuliwa mzigo.

Nililetewa faili ya kurasa 46. Juu ya kila ukurasa imeandikwa tarehe ya mtihani wangu, kwa herufi zisizofanana na zile nyingine. Nambari za kurasa zimefutwa kwa weupe, ila ukurasa mmoja alisahau: 87 inaonekana nusu. Nikafungua kitabu cha zamani cha mazoezi cha Cambridge alichoniazima mwenzangu wa wodini, ukurasa wa 87. Neno kwa neno! Sehemu ya kusikiliza haikuwa na sauti yoyote, ni majibu 40 ya kukariri tu, na mengine hayalingani na yale yaliyo nyuma ya kitabu.

Nilipomuuliza, akataka niongeze 5,000 anipe "toleo jipya". Nikakataa, akanibloku. Nikatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, nambari ya kuomba pesa zirudishwe, lakini siku kadhaa zilishapita na pesa alikuwa ameshazitoa. Ukishtuka, tuma dakika hiyohiyo.

Pesa zinauma, lakini siku tano nilizopoteza nikikariri insha zake mbili zinaniuma zaidi. Watahini wanaijua insha ya kukariri, na ukiileta alama zinashuka. Karatasi ya mazoezi inakusaidia kuizoea saa: maswali 40 ya kusoma kwa dakika 60, kisha uandike maneno 150 na mengine 250 ndani ya saa moja. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 kwa kila sehemu, isipokuwa kuandika ambako 6.5 inatosha, na hapo kwenye kuandika ndipo wengi wetu tunapokwama. Karatasi za kweli za mazoezi zipo bure kwenye tovuti za British Council na IDP, wenye mtihani wenyewe.

Jamaa huyo anauza pia cheti "bila kukaa mtihani". Msithubutu. Anayepokea cheti huyahakiki matokeo mtandaoni, na siku ya mtihani unapigwa picha.

Bado yupo. Kundi amelibadilisha jina mara mbili tangu mwezi jana, lakini picha yake ni ileile: cheti chenye bendi (alama) 8, jina limezibwa kwa mstari mweusi.