Pleti namba za polisi: bati mkononi au namba kwenye daftari?

Sisi tunaopenda pleti za magari ya polisi tuna njia mbili, kukusanya bati lenyewe au kuitambua tu ikipita. Wamarekani njia ya kwanza wameizoea, chama chao cha wakusanyaji pleti, ALPCA, kipo tangu 1954, wanabadilishana mabati kabisa, na ile ya California ukiishika unaona herufi E ndani ya pembe nane basi ushajua ni gari la mji au kaunti, polisi wakiwemo, ikiwa ndani ya umbo la almasi ni la jimbo. Tamu sana kushika, unapapasa namba zilivyoinuka na matundu ya skrubu.

Ila kwa hapa Dar mi nasema daftari aisee. Pleti ya PT ni mali ya polisi, ukikutwa nayo geto utajieleza vipi? Mi jioni nasimama Ubungo, foleni imeganda, Land Cruiser ikisogea naandika PT na tarakimu zake, saa, aina ya gari, inatosha. Picha sipigi. Na usichanganye na STK wala SU, hizo za serikali na mashirika ya umma, polisi ni PT.