Gurudumu moja tu lilinirudisha nyumbani: uzoefu wangu wa ukaguzi wa gari

Kwa miaka sita nimekuwa nikipeleka gari ukaguzi kama mtu anayekwenda kulipia bili ya maji. Napanga foleni, napewa cheti, naendelea na shughuli zangu. Safari hii lilifeli. Naandika kwa sababu kilichoniangusha sicho nilichokuwa nakihofia, na yale niliyoyatolea jasho hakuna hata mmoja aliyeyatupia jicho.

Gari lenyewe ni saluni ya petroli, otomatiki, breki za diski mbele na nyuma, limeshatembea kilomita 180,000 na ushee. Siku moja kabla ya miadi nililipeleka kuoshwa. Tairi zikapakwa dawa ya kung'arisha, mazulia yakaanikwa, nikabadilisha balbu ya indiketa iliyokuwa imefifia. Nilibonyeza honi, nikawasha taa zote nikizunguka gari kama mlinzi wa zamu, na mwanangu akasimama nyuma kunithibitishia taa za breki. Nikalala vizuri.

Nianze na foleni, maana ndiyo doa kubwa la kituo kile. Miadi yangu ilikuwa saa mbili asubuhi. Gari liliingia kwenye mstari wa ukaguzi saa tano kasoro robo. Hakuna anayekuja kukueleza kinachoendelea, hakuna namba inayoitwa. Unasogea pale wa mbele yako anaposogea. Kama miadi haina maana, basi waiondoe tujue tunakuja kusubiri.

Katika kusubiri huko ndipo alipokuja kijana mmoja, akainamia dirisha. "Bosi, hili lako lipande mashine ya nini? Nipe kadi ya gari, dakika kumi cheti hiki hapa." Nikajifanya napokea simu. Nikiri tu kwamba kwa dakika moja hivi nilimfikiria. Jua lilikuwa limeanza kuchoma na gari, kwa nilivyoamini, lilikuwa zima.

Mwenzangu wa mbele alifeli mbele ya macho yangu kwa jambo la kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Mkaguzi alifungua ufunguo bila kuwasha injini, akatazama dashibodi, akatikisa kichwa. Taa ya airbag, ule mfuko wa hewa wa kukukinga ukigonga, haikuwaka. Yule bwana akafurahi: si ndiyo nzuri, haiwaki! Kumbe taa hiyo inatakiwa iwake ufunguo unapofunguliwa, mfumo ujipime, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, ama imeungua, ama kuna aliyeiondoa ili kuficha tatizo. Na kweli, fundi wake alikuwa ameikata.

Zamu yangu ikafika. Mkaguzi alikuwa dada mdogo, umri wa binti yangu wa pili, ovaroli safi na kibao cha fomu mkononi. Alianza na namba ya chasi. Ilikuwa imefunikwa na kutu na vumbi gumu, akalazimika kuisugua kwa kitambaa hadi tarakimu zikasomeka moja moja na kulingana na kadi. Gari zima lilikuwa linang'aa isipokuwa sehemu hiyo moja ambayo wao huisoma kila mara.

"Mzee, hebu piga waipa na maji."

Waipa zikapanda na kushuka juu ya kioo kikavu. Maji hayakutoka. Kopo lilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nimetoka kuosha gari kwa mapipa ya maji! Alitabasamu, akanionyesha bomba lililokuwa ukutani, nikajaza. Hapo hakuandika kitu. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Kisha rola za breki. Kwa asiyewahi kuziona: ni jozi mbili za vyuma vya mviringo vilivyozama sakafuni. Unaingiza magurudumu ya mbele, mashine inayazungusha taratibu, unaambiwa ukanyage breki polepole hadi mwisho. Kila upande unapimwa peke yake, na kwenye kioo ukutani unaona nguvu ya breki ya kila gurudumu kwa kilonewtoni, kipimo cha nguvu. Mbele, kushoto 2.6, kulia 2.5. Safi. Tukasogea, ya nyuma yakaingia. Kushoto 1.6. Kulia 0.9.

"Rudia, mzee. Kanyaga mpaka mwisho."

Nikarudia. Namba zilezile.

Hapa ndipo nilipompenda yule dada, na ndipo ninapokipa kituo kile nyota zake. Hakusema "umefeli, nenda". Aliniita nikasimama pale kwenye kioo. Akanieleza kwamba gurudumu moja likishika kwa 1.6 na pacha wake kwa 0.9, tofauti ni zaidi ya asilimia 40 ya ile kubwa, na fomu yao inaruhusu mwisho 30. Nikamwambia gari linasimama vizuri tu, silioni kasoro yoyote. Akaniuliza: ukikanyaga kwa nguvu, halivuti upande?

Nilinyamaza. Linavuta. Kidogo, kushoto. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiilaumu barabara, kwamba imeinama pembeni.

Akaniambia breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito hukimbilia mbele. Kwa hiyo ukikanyaga kiungwana kila siku, kasoro ya nyuma inamezwa, dereva haisikii. Itajitokeza siku ya kukanyaga kwa hofu, tena lami ikiwa na maji, mkia wa gari ukaanza kuamua unakokwenda. Nikakumbuka yule kijana wa dirishani na dakika zake kumi.

Kilichonichanganya ni breki ya mkono. Tuliivuta palepale kwenye rola, magurudumu yaleyale ya nyuma, ikapita bila shida. Inakuwaje gurudumu lishike kwa mkono likatae kwa mguu? Jibu ni kwamba kwenye gari langu breki ya mkono ina viatu vyake vidogo, yaani vipande vinavyotanuka na kushika, ndani ya kitovu cha diski, mfumo tofauti kabisa na kalipa, ile koleo inayobana diski ukikanyaga breki ya mguu. Magari mengine breki ya mkono huvuta kalipa ileile, na kwao dalili zingekuwa nyingine. Miaka yote hii nilikuwa sijui gari langu ni la aina gani kati ya hizo mbili.

Shimoni alinishusha pia, jambo ambalo vituo vingine nilivyowahi kwenda hawaruhusu. Magurudumu ya mbele yalikaa juu ya sahani za chuma zinazotikiswa kushoto na kulia, na yeye chini anamulika tochi kwenye bolijointi, tairodi na bushi, yaani viungo vya magurudumu na usukani, akitafuta chuma kinachocheza pasipotakiwa. Kilicheza kidogo bushi kimoja, akaandika "angalizo", siyo kosa. Alipofika kwenye tairi ya mbele kushoto akapitisha kidole upande wa ndani, akaniambia na mimi nipitishe. Nje kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa nzima, nyeusi tii kwa ile dawa ya kung'arisha. Ndani ilikuwa inaelekea upara. Kipimo chake cha kina cha kashata kilisoma milimita 2.1, mwisho wanaoukubali ni 1.6, na tairi mpya huanza na karibu milimita 8. Nayo ikaenda kwenye angalizo. Tairi inayolika upande mmoja hivyo ni ya kupelekwa alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, na hilo dereva aliyesimama nje ya gari hawezi kuliona mpaka ageuze usukani hadi mwisho na kuchungulia.

Moshi nusura uniangushe bure. Kabla ya zamu yangu nilikuwa nimezima injini karibu saa nzima kuokoa mafuta. Mrija ukaingizwa kwenye ekzosi, kaboni monoksaidi ikasoma 0.9 kwa asilimia wakati kikomo chao kwa gari kama langu ni 0.3. Nikajua basi, katalisti, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, imekufa, nikaanza kupiga hesabu kichwani. Yule dada akasema tuishike injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika tatu kwanza. Katalisti haifanyi kazi ikiwa baridi. Inahitaji joto la nyuzi mia mbili hamsini hadi mia tatu ndipo ianze kuunguza sumu. Baada ya dakika hizo tatu tulipopima tena, namba ilishuka hadi 0.1. Mkaguzi mwenye haraka angeandika ile ya kwanza. Kwa hiyo ukiwa kwenye foleni ya ukaguzi na gari la petroli, usikaribie mstari injini ikiwa imepoa.

Taa kubwa nazo zilifeli, na kosa ni langu asilimia mia. Mwanga ulikuwa juu mno, wa kumpiga machoni anayekuja mbele. Akafungua buti. Ndani kulikuwa na mifuko miwili ya saruji niliyoinunua juzi yake na kusahau kuishusha, kilo mia moja zimekaa nyuma ya ekseli. Mkia umeshuka, pua imeinuka, na taa zimeinuka nayo. Angeweza kuniambia niitoe tupime tena, lakini kwa kuwa breki zilikuwa zimeshafeli, aliandika vyote viwili nirudi navyo pamoja.

Fomu niliyopewa ndiyo lalamiko langu la pili. Maelezo ya mdomo yalikuwa dhahabu, ila kwenye karatasi paliandikwa "breki nyuma" na alama ya mkasi, basi. Bila namba wala kutaja upande. Nisingekuwa nimesimama pale kwenye kioo, fundi angeanza kupapasa kuanzia gurudumu la kushoto. Niliomba ile karatasi ndogo inayotoka kwenye mashine yenyewe, ikachukua kubembeleza kidogo, nikapewa.

Gereji sitakaa nayo sana, ingawa ndiko siri ilikofichuka. Fundi alipofungua kalipa ya kulia nyuma, pedi ya ndani, moja ya vile vipande viwili vinavyobana diski, ilikuwa imebaki milimita 2 na ya nje karibu 8. Kalipa za aina hii huelea: pistoni iko upande mmoja, na inaposukuma, kalipa nzima inatakiwa iteleze kwenye pini zake mbili ili ivute pedi ya upande wa pili. Pini zikiganda, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Akaichomoa pini kwa koleo na matusi madogo. Imevimba mpira, haitelezi. "Nani aliweka hii grisi, bosi?" Ilikuwa grisi ya kawaida, ile ya beringi, iliyopakwa nilipobadilisha pedi miezi minane nyuma mahali pengine. Grisi itokanayo na petroliamu huvimbisha mipira ya breki. Panatakiwa grisi maalumu, ya silikoni. Tukaweka pini na mipira mipya pande zote mbili, pedi mpya pande zote mbili, na mafuta ya breki tukayamwaga kwa sababu hunywa unyevu wa hewa na yalikuwa yamegeuka rangi ya chai.

Nilirudi siku ya nne, buti tupu, kopo la waipa limejaa, injini ya moto. Walipima yale mawili tu yaliyofeli, nikatoka ndani ya dakika ishirini. Taa zilikaa zilipotakiwa bila kuguswa. Nyuma, kushoto 1.7, kulia 1.6. Nilikuwa nimezoea lile gari kiasi kwamba nilipokanyaga breki kwa nguvu njiani nikielekea nyumbani, mikono ilijiandaa yenyewe kurudisha usukani kulia, na gari likaenda mbele moja kwa moja, mikono ikabaki na kazi isiyokuwepo.

Nawapa nyota nne. Tatu ni za yule dada na moja ni ya kuniruhusu kushuka shimoni. Ya tano wangeipata kwa miadi inayoheshimiwa na fomu inayosema kitu.

Na kama unanunua gari la mtu, usiridhike na stika ya ukaguzi kwenye kioo. Mwombe ile karatasi ya rola, tazama namba za kushoto na kulia kwa kila ekseli. Akikuambia hajawahi kupewa, inawezekana ni kweli, maana hata mimi niliibembeleza. Basi mwambie mwende na gari wote wawili likapimwe upya kabla hujatoa hela.